Pipeti ya Peke Yangu

Machi 4, 1996

Nimerudi chuo cha ualimu cha Rongo na sanduku langu lile lile. Nilipoondoka kwenda likizo ya Krismasi nilikuwa Scovia mke wa Levis, na leo ni Scovia mjane. Levis tulimzika Januari nyumbani kwao karibu na Mbita, baada ya kukohoa mwaka mzima. Nimekosa karibu nusu ya muhula. Mkuu wa chuo alinipa pole, kisha akanikumbusha kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyepita kemia, pamoja na praktiko ya Julai, ule mtihani wa vitendo maabarani, anafunga virago na kurudi nyumbani. Nikamwambia nimeelewa. Huko nyumbani nakujua.

Bwenini tulikuwa tunalala kitanda cha ghorofa, mimi chini na Pauline juu. Leo nimemkuta amehamia upande wa dirisha. Anasema paa linavuja pale kwetu. Nimeliangalia paa lote na sioni tundu, na mvua yenyewe haijanyesha tangu Desemba.

Machi 5

Githeri, mahindi na maharagwe. Meza nzima yangu.

Machi 8

Naandika kwa sababu sina wa kuongea naye, na mimi nisipoongea napasuka.

Kwa akina Levis, mjane ambaye hajarithiwa na shemeji yake yumo katika chola. Haingii nyumba ya mtu wala kutumia chombo kimoja na mtu. Akikiuka, chira inawaangukia wengine: mtoto anakonda, ng'ombe anatupa mimba. Baada ya mazishi mama mkwe wangu, Rispa, alinipa kikombe cha bati cha bluu, akakipigilia msumari wake ukutani nje ya nyumba yake, mbali na vikombe vingine. Nilikichukia kile kikombe kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Anayepaswa kunirithi ni Elkana, mdogo wake Levis. Nimekataa. Wao wanadhani ni masomo yamenipanda kichwani, nami nimewaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba daktari wa Homa Bay aliandika kifua kikuu kwenye kadi ya Levis, na alipokuwa akiandika hakuniangalia. Sijui nina nini mwilini. Elkana ana mke, Metrine, na wana watoto. Sasa mimi ninayewakinga ndiye ninayeitwa hatari.

Machi 12

Leo maabara. Mwalimu wetu wa kemia, Bwana Bichage, ni Mkisii, Msabato wa kupindukia, na sisi sote anatuita "mwalimu" ingawa hatujafundisha hata kuku. Tunamwita Tatu kwa siri. Kwake kila kipimo hufanywa mara tatu. Ukimletea jibu la mara moja anakurudishia karatasi kama imemwagikiwa uji. "Usomaji mmoja ni uvumi," husema. "Rudia."

Pipeti, ile mirija ya kioo ya kupimia, hazitoshi. Watu wawili, pipeti moja. Unaiweka ncha kwenye besi, yale maji ya magadi, unanyonya kwa mdomo mpaka kimiminika kifike kwenye alama, unaziba kwa kidole. Ukizidisha unaonja, na ladha yake ni ya sabuni. Kisha mwenzako naye ananyonya pale pale uliponyonya.

Wote walipata wenza haraka ajabu. Pauline alishikana mkono na Nyasuguta, msichana ambaye muhula uliopita hawakuwa wanasalimiana. Nilibaki na Ryoba, Mkuria wa Kehancha, kwa kuwa alichelewa kuingia.

"Sisi hiyo chola yenu hatuijui," aliniambia, akajipiga kifua. Nikafurahi. Nilipomaliza kunyonya nikampa pipeti. Aliipangusa kwa koti, akaipangusa tena, akaitazama, halafu akasema ni afadhali tugawane kazi: mimi niwe wa pipeti, yeye awe wa kudondosha asidi mpaka rangi igeuke, na kuandika.

Ukiwauliza mbele ya wageni watakwambia wanaogopa ule ugonjwa. Waulize mbele ya bibi zao watakwambia chola. Mimi nadhani wenyewe hawajui wanaogopa kipi, wanajua tu wanamwogopa nani.

Machi 14

Bichage aliona. Leo baada ya somo aliniita, akafungua kabati na kunipa pipeti ya zamani, ncha imekatika na kusuguliwa kwa jiwe ikawa laini. Ameifunga uzi mwekundu shingoni. "Hii ni yako peke yako, mwalimu. Hakuna atakayekusumbua tena."

Nilimshukuru sana. Ni mtu mgumu, sikutarajia huruma kwake.

Machi 15

Nimeitazama ile pipeti kwenye rafu. Zingine zimelazwa pamoja, yangu imesimamishwa kwenye kopo lake pembeni. Ni kile kikombe cha bluu kimenifuata mpaka Rongo. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini mimi hapa si mgeni.

Machi 19

Mvua imekuja usiku, na asubuhi udongo unanukia. Paa halijavuja.

Machi 23

Mama anayeleta omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Rongo kutoka Mbita amenipa salamu za nyumbani. Rispa amepanda mahindi yake. Sasa wananingoja mimi.

Boma lile lina taratibu zake. Mama hupanda kwanza, kisha nyumba ya mtoto mkubwa, kisha wanaofuata. Levis ndiye alikuwa mkubwa. Shamba letu lisipotiwa mbegu, Elkana hawezi kutia yake. Na mjane hatii mbegu kabla hajarithiwa. Kwa hiyo jembe la Elkana limelala kwa sababu yangu, na mvua haimsubiri mtu.

Machi 26

Mvua. Bichage amenirudishia karatasi: majibu yangu matatu yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe, ila hayakubaliani na lake. Alama za usahihi, sifuri. Ameandika, "Mkono, mwalimu." Yaani mkono wangu ni mbaya.

Machi 28

Mlinzi aliniita langoni. Rispa alikuwa ameketi nje juu ya jiwe, viatu mkononi, kwa kuwa hakutaka kuingiza matope kwenye chuo cha watu. Alikuwa ametoka Mbita alfajiri. Nilimletea chai ya jikoni. Alinipa habari za kuku, za jirani aliyevunjika mguu, za mtumbwi uliopotea na kupatikana. Hakuwahi kuwa mtu wa kuzunguka hivyo, nikajua anatafuta pa kuingilia.

"Nyar Kabondo," alisema hatimaye. Ndilo jina langu kule nilikoolewa, binti wa Kabondo. "Mvua inakwenda. Watoto wa Elkana watakula nini?"

Nilikuwa na maneno yangu makali tayari, nimeyanoa wiki nzima. Lakini alikuwa amelowa, na miguu yake imevimba. Nikamuuliza tu, "Mama, wewe unajua Levis alikufa na nini?"

Aliikunja ncha ya leso, akaikunjua.

"Mimi ndiye niliyekuwa namuogesha," akasema.

"Basi unajua kwa nini sitaki kumpa Elkana."

Alikunywa chai yote, polepole, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayetoa dawa. Alipoinuka alisema nisome, na nisije nyumbani kabla ya likizo. Nilimtazama akishuka barabara hadi alipokata kona. Nimelia leo kuliko siku ya mazishi, na sijui hasa namlilia nani.

Machi 29

Nimefua.

Aprili 3

Sifuri nyingine. Daima asidi yangu inapungua kidogo kuliko ya wenzangu. Najitazama mkono. Levis aliwahi kuniambia nina mkono wa kushonea viatu, tukacheka. Kama mkono ndio wenyewe, Julai nitafukuzwa, na nikifukuzwa, kilichobaki ni kurithiwa.

Aprili 14

Nyumbani, likizo. Nilifika jana mchana nikiwa nimejiandaa kununiwa. Nikakuta shamba letu limeota, mistari imenyooka, mahindi yamefika kwenye vifundo vya miguu. La Elkana nalo limeanza kuchomoza.

Metrine ndiye aliyenieleza, akiwa amesimama nje ya mlango wangu, maana haingii. Mama alirudi kutoka Rongo, akalala, asubuhi akachukua mbegu zake mwenyewe na kwenda kupanda shamba langu. Wazee walimfuata wakamwambia mama hapandi shamba la mwanawe aliyekufa, anajiitia chira. Akawaambia kama ina njaa, ije kwake, yeye ameshakula vya kutosha duniani. Hakusema kwa nini. Elkana hakutaka kugusa jembe, ikabidi amsukume kwa matusi.

Rispa aliniita niingie kwake kunywa maji, chola au si chola. Msumari ulikuwa mtupu. Kikombe cha bluu kilikuwa juu ya mtungi, kimelowa, na ukingoni kuna alama ya uji.

"Mama, hiki si changu?"

"Kikombe kisipotumika kinashika kutu," alisema, akaendelea kuchambua mboga.

Aprili 22

Tumepalilia pamoja. Alinichekesha kuhusu baba mkwe, ambaye sikumkuta hai: eti alipotaka kumposa alikuja na baiskeli ya kuazima, akaangukia zizini. Nimekaa na mwanamke huyu miaka minne nikidhani hajui kucheka.

Mei 9

Chuoni tena. Mvua nyepesi. Pauline amenisalimia kwa kichwa.

Mei 21

Leo nimegundua kitu na bado nina hasira mpaka vidole vinauma.

Ryoba alikuwa anaosha vyombo nami, kwa umbali wake wa heshima. Nilikuwa nalalamika kuhusu mkono wangu. Akasema, nusu kwa mzaha, labda si mkono, labda ni mdomo. Nikaiangalia pipeti yangu, nikamwambia ajaze maji kwa pipeti yake mara nne kwenye silinda ya kupimia, nami nifanye hivyo kwa yangu kwenye silinda nyingine. Ya kwake ilifika kwenye mililita mia sawasawa. Yangu ikapungua. Tukarudia. Ikapungua vile vile. Mara ya tatu Ryoba aliinama akaisoma alama mwenyewe.

Ni ile ncha iliyokatika. Alama iko juu kule kule, lakini chini pipeti imekuwa fupi, kwa hiyo kila nikipima napima pungufu. Muhula mzima nimekuwa sahihi kwa chombo kibovu. Nikitumia chombo chao nitaambukiza watu; nikitumia changu nafeli.

Mei 22

Nilimpelekea Bichage silinda zote mbili ofisini, nikaziweka mezani bila salamu. Nikamwambia, "Mwalimu, huu si mkono."

Alizitazama. Akatoa miwani, akaivaa, akazitazama tena. Aliishika pipeti yangu akapitisha kidole gumba pale ilipokatika. Mtu huyu anaweza kuona tone moja lililozidi kutoka mlangoni.

"Nilitaka kukusaidia," alisema.

"Najua."

"Sikuipima. Nilifikiri watu, sikufikiri pipeti."

Nilitaka kumwambia hata watu hakuwafikiri vizuri, lakini alikuwa ameinamisha kichwa na upara wake ulionekana, nikamwacha. Hasira yangu juu yake imekwisha. Imebaki huzuni, ambayo ni nzito kubeba.

Mei 28

Bichage alivunja pipeti yangu ndani ya ndoo ya taka mbele ya darasa. Kisha akamwaga zilizobaki zote kwenye beseni la maji ya sabuni, akazivuruga kwa mkono, akazisuuza. Sasa hakuna anayejua ipi ilikuwa mdomoni mwa nani. Akasema kila mtu achague moja, na kila juma zitarudi besenini, na kwamba asiyetaka yuko huru kusomea dini.

Tulisimama. Wawili walitoka nje. Pauline ndiye aliyetangulia kutia mkono. Alinyonya, akapima, akaandika, machozi yakimtiririka, na hakunitazama hata mara moja. Sijui alikuwa anaogopa au anaona haya. Vyote viwili, nadhani. Nimemsamehe nusu, nusu nyingine nimeiweka akiba.

Nami nikachagua. Majibu yangu matatu yalikubaliana na la Bichage.

Juni 11

Alama zote za usahihi. Nimeituma habari kwa mama wa omena amwambie Rispa kwamba mkono wangu ni mzima. Ataelewa hata kama haelewi.

Juni 18

Mama wa omena anasema Rispa ana homa kidogo. Amecheka kuhusu mkono.

Juni 24

Elkana amekuja mwenyewe. Nilipomwona langoni, kofia mkononi, sikuhitaji kusikia.

Ilikuwa malaria. Ilimpanda Rispa kichwani siku ya Ijumaa, wakampeleka Homa Bay, akafa Jumapili asubuhi. Elkana alinieleza akiangalia viatu vyake. Kisha akaongeza kwamba wazee wanasema mengine, na kwamba nijiandae.

Julai 2

Tumemzika kando ya Levis.

Kwenye matanga hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana. Waliongea tu kwa sauti ya kunifikia: alionywa, akapanda, hakuvuka hata msimu. Shangazi mmoja alihesabu kwa vidole miezi tangu mbegu mpaka kaburi, kama anayepiga hesabu ya mimba. Metrine alinipa chakula kwa mkono ulionyooka.

Usiku wa kukesha Elkana alikuja karibu na moto wangu. Alisema, "Shemeji, mimi pia sikuomba kukurithi. Sasa hakuna atakayekulazimisha. Hakuna anayethubutu. Soma tu."

Nimepata nilichokuwa nataka tangu Januari. Nilikaa na hicho nilichokipata mpaka kulipokucha.

Nilitaka kumwambia kwa nini mama yake alipanda. Lakini kumwambia ni kumwambia pia kuhusu Levis, na kuhusu mimi, na hiyo siri Rispa aliibeba hadi mwisho bila kuitua kwa mtu. Sikuona haki ya kuitua mimi juu ya kaburi ambalo udongo wake bado mbichi.

Julai 5

Sijala.

Julai 17

Praktiko. Msimamizi wa nje alikuwa mrefu, na viatu vyake vililia. Nilivuta besi, nikaziba kwa kidole, nikashusha hadi alama. Kwenye kipimo cha pili niliona rangi ya njano inageuka waridi na nikamkumbuka Rispa akinirudishia kikombe kwa mikono miwili. Tone moja la asidi likazidi. Nikamwaga, nikaanza upya. Matatu yalikubaliana.

Ryoba alinisubiri nje. Akanipa muwa.

Julai 30

Bichage amenisimamisha ukumbini kuniambia nimepita kemia, na vizuri. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kutoa alama, kwamba amesikia kuhusu mama mkwe wangu na amemwombea. Nikamuuliza kitu ambacho sikupanga kukiuliza. Nikamuuliza, mwalimu, jambo likitokea mara moja tu, mtu amelifanya, na matokeo yakaja, utajuaje kama hilo ndilo lililoyaleta?

"Hutajua," alisema. "Unarudia."

Nadhani alielewa baada ya kusema, kwa sababu alinishika bega, na yeye si mtu wa kushika bega.

Agosti 16

Nyumbani. Nimevuna shamba alilopanda Rispa. Mahindi ni mazito kuliko ya boma zima, maana yeye ndiye aliyechagua mbegu. Nilimpelekea Metrine debe moja. Alinishukuru, akaliacha nje ya mlango, na jioni nikaona kuku wanayala mahindi. Sikumkasirikia. Ana watoto.

Ilikuwa malaria. Mwaka huu imeua watu watatu huku kandokando ya ziwa ambao hawakupanda shamba la mtu. Najua hivyo, na ningeweza kuandika hivyo ubaoni mbele ya darasa lolote. Lakini kuna nyakati nikiwa peke yangu nasikia ile sauti ya matanga, alionywa, akapanda, na sina la kuijibu. Usomaji mmoja ni uvumi. Ila huu hauna wa kuurudia.

Nyumba ya Rispa wamenipa funguo niitunze, kwa kuwa hakuna mwingine anayetaka kuingia. Vikombe vyake vyote vipo, na vile vya kioo vya wageni. Hakuna tena wa kunikataza hata kimoja. Leo nilichota maji mtungini kwa kile cha bluu, na nilipomaliza nilikiosha, nikakirudisha juu ya mtungi pale alipokuwa anakiweka yeye.